Kuni Zenye Zilibaki ku Kilio Yako

Baba,

Ulikuwa unachekaka batu ya barua. Ulisemaka mutu akiwa na neno avae viatu, apande mulima, aende kuisema mbele ya macho. Basi huko kwenye uko viatu yangu haifike, kwa hiyo uvumilie. Nimekaa ku mulango ya nyuma, hapa kwetu Vulamba, karatasi imelala ku magoti, na Kavugho mudogo yangu iko ananisumbua juu anataka kujua naandikia nani. Nimemuambia: rafiki. Angejua ni wewe angeomba kalamu, angekuuliza ile neno yake ya kila siku, utarudi na camion gani ya mizigo. Mama akisikia ile neno anaondokaka, anaenda kuangalia sufuria, hata kama hakuna kitu ku moto.

Nianze na habari ndogo, juu hukupendaka mutu akuletee kubwa mbele hujakaa. Manjanja ya ku depot, ile bati ya paa, ingali pale juu. Mvua ikinyesha bamonteur, bale banajenga pikipiki, banafungula masanduku bila kulowana, na vijana bapya hawajue ni nani alifanya ipatikane. Jogoo yako, ile ya kelele, tuliichinja. Usikasirike, ilikuwa inawika hovyo tangu uende na majirani balichoka. Koti yako ya mvua Mama hakuitoa kwa mutu. Baba Mukubwa Paluku, ndugu yako, aliiomba na kuiomba, mais Mama anamuambia iko inakauka. Inakauka tangu mwaka jana, Baba.

Unakumbuka siku uliniingiza ku depot? Bamonteur bote ni banaume, mikono nyeusi ya mafuta, na bote baligeuka kuniangalia. Moja akauliza kama délégué ameleta binti yake atupikie chai. Ukamujibu bila kumuangalia: vidole ya Masika ni nyembamba, itaingia mule yako inakwamaka. Ukanipa waya ya taa. Wiki nzima hukunisemesha kitu ingine, ni waya tu, nyekundu na nyekundu, kijani na kijani, na mara kwa mara ulipita nyuma yangu na kuvuta kidogo kama imeshika. Siku taa ya kwanza iliwaka, ukapanda ile pikipiki, ukaniambia nikae nyuma, tukapanda mulima mupaka juu kwenye mutu anaona muji yote. Hukusema nimefanya vizuri. Ulisema: "Umeona? Imefika." Nilikuwa na furaha mupaka nilishindwa kula.

Wewe unaijua ile kazi kunipita, lakini niandike, juu nikiandika naona kama niko pale tena. Pikipiki ya Patron, mwenye depot, inafika vipande vipande mu masanduku, inapita Uganda, inaingia ku mupaka ya Kasindi, inapanda na camion mupaka Beni, kiisha Butembo. Sisi njo tunaisimamisha. Mutu wa Masereka akija kununua ya kubebea viazi, mutu wa Kirumba akija kununua ya biashara, anashika mukono ya Patron na anamuambia asante. Patron hajakaza hata boulon moja. Ulikuwa unasema ile bila hasira, kama mutu anasema leo ni Jumatatu. Na kwangu ulisemaka: "Kaza, Masika. Ukimaliza kukaza, kaza tena." Mupaka leo nikifunga bidon ya maji nakaza mupaka Kavugho anashindwa kuifungula.

Na ile grève ya kwanza, mugomo yetu! Nacheka peke yangu hapa. Tulikuwa tunafanya kazi inje, mu matope, mvua inaingia mu carburateur, na Patron anasema hangar ya kutufunika itakuja mwaka kesho, kila mwaka ni mwaka kesho. Batu ya syndicat, chama ya bafanyakazi ya mujini, balikuja, bakanywa Fanta ya Patron, bakatuambia tuvumilie. Kuacha kazi kabisa hatungeweza. Tangu état de siège, tangu basoldat bapewe kuongoza jimbo, mukutano inaombewa ruhusa, na ku mulango ya depot vijana balikuwa banangoja kila siku nafasi yetu. Njo wewe délégué, mwenye tulikuchagua utusemee, ukasema: tufanye kazi, tena vizuri, lakini roue ya mbele, ile gurudumu, hatuiweke. Tukajenga mapikipiki, tukaipangusa, tukaipanga kwa mustari, yote imepiga magoti sawa bakristu mu misa. Patron akakuja na bateja ya Kirumba, amevaa kofia yake ya siku kubwa. Akauliza ni nini hii. Ukamujibu: Patron, kazi iko inaendelea. Mbele ya juma kuisha manjanja ilipanda.

Siku ile ulitukataza kuimba. Ulisema hapana kumucheka, mutu mwenye ameshindwa mbele ya bateja hasahau. Tulikuona unaogopa bure. Hakusahau.

Kiisha njia ya Kasindi ikaharibika. Si matope, matope tumezoea; ni bale batu ya pori na panga na bunduki yao. Patron alikuwa na desturi ya kutuma monteur moja ku mupaka, apande juu ya camion, achunge masanduku, juu monteur anajua ni sanduku gani iko na vitu ya bei, na batu ya njia balikuwa banafungula na kuiba. Chauffeur iko ndani, monteur iko juu, na mvua yake na jua yake. Ukaingia mu bureau, ofisi ya Patron, kwa jina ya bote, ukamuambia hakuna monteur atapanda tena mbele njia haijatulia. Patron alikusikiliza vizuri sana. Alikupa chai. Juma yenye ilifuata akatangaza zamu ni ya Kasereka.

Kasereka, mwenye alikuwa anaweka moteur pembeni yangu, bibi yake alikuwa ametoka kuzaa. Patron alijua. Alijua pia wewe utafanya nini. Ukarudi mu bureau, peke yako, mulango ikafungwa, na sisi tukabaki na bakle, funguo za kukazia, mu mikono, hakuna mwenye anakaza kitu. Ulipotoka ulisema tu: "Kasereka, ubaki. Naenda mimi." Nikakimbia kukuletea koti ya mvua. Ukasema huko Kasindi ni joto, utafanya nayo nini, nikuwekee.

Njo neno yako ya mwisho kwangu. Nikuwekee. Baba, nilitaka nyingine. Nilitaka unikemee, ao unitume kitu mbali, neno murefu kidogo yenye ningeweza kukaa nayo.

Sitaandika vile ilikufikia ku ile njia. Wewe ulikuwa pale. Niandike tu vile tulienda Beni kukuchukua, mimi na Baba Mukubwa, mu taxi yenye ilikuwa na mifuko ya maharage nyuma, na chauffeur alizima radio bila mutu kumuambia. Ku morgue, kwenye banalaza maiti, balituonyesha mikono kwanza. Nilikujua ku kile kidole yenye cric ya kuinulia pikipiki ilikata. Nikasema ni yeye, kiisha tukakurudisha Butembo.

Tulipofika, neno ya Patron ilikuwa imetutangulia mu mutaa. Alikuwa anaambia batu: masikini Kambale, alikuwa mu congé, mapumziko ya kazi, alienda kutembelea ndugu yake huko mupaka, akaomba apande camion yangu arudi. Congé! Wewe mwenye hata malaria ilikuwa inakukuta na kle mu mukono. Chauffeur wa ile camion alijificha mu mashamba ya kakao na akapona, mais alivuka Uganda na hajarudi. Mu bureau mulikuwa wewe na Patron tu; sisi inje tulikusikia tu unasema unaenda. Wewe umekufa. Amebaki mutu moja duniani mwenye anaweza kusema: nilimutuma. Na bila ile neno, Mama ni mujane wa mutu mwenye alienda kutembea, hatuna haki yoyote ku kazi yenye ilikuua, na kesho monteur mwingine anapanda.

Basi tukawasha moto. Desturi yetu huhitaji nikufundishe: maiti ikizikwa, moto ya kilio inabaki mu kiwanja, banaume banakaa pale, na mutu mwenye iko ku kilio hapana kwenda ku kazi. Hakuna patron, hata mukali namna gani, anafukuza mutu juu ya kilio. Na kilio haiombewe ruhusa kwa soldat. Zikipita siku chache, mukubwa wa jamaa anauliza kama kuna mutu iko na neno juu ya marehemu, batu banasema, anamwaga maji ku moto, na tangu pale neno ya kile kifo haifunguliwe tena.

Bamonteur bote balikuja. Kasereka alikuja wa kwanza, akapasua kuni kama mutu anagombana nayo. Siku za kawaida zikapita, Baba Mukubwa akataka kuzima. Mama akamuambia: bado. Kesho yake: bado. Na sisi tukaelewa, bila mutu kuita mukutano. Kumbe tuko mu grève. Depot kimya, masanduku imefungwa, bateja ya Kirumba banarudi mikono mitupu, na mutu akiuliza bamonteur beko wapi anajibiwa beko ku kilio ya mwenzao. Bashangazi balishuka na viazi na mboga ya poireaux kutoka Masereka, bamama ya Vulamba balileta maharage. Nilikuwa nakaa ku mukeka pembeni ya Mama, na mu kulia kwangu mulikuwa kitu sawa furaha. Unisamehe. Niliona wewe ungecheka.

Patron alivumilia, kiisha akakuja. Alileta ng'ombe dume, munene, na mifuko ya muchele, na alimuona Baba Mukubwa pembeni mbele ya kusalimia Mama. Sitamuhukumu sana Baba Mukubwa. Yeye njo alikuwa analisha batu bale bote, shamba yake imejaa majani, na bibi yake anamununungunikia kila asubuhi. Wakati Mama alijua, ng'ombe ilikuwa imekwisha kuchinjwa. Na ukishakula ng'ombe yenye mutu ameleta ku kilio, utamushitaki na mudomo gani?

Tukakaa kwa duara. Baba Mukubwa akauliza kama kuna mwenye neno. Macho ya bote ikaenda kwa Patron. Akasimama, akavua kofia, akasema wewe ulikuwa mutu wa kazi, muaminifu, mukristu, na depot imepoteza mukono yake ya kuume. Alisema vizuri, Baba, kuna batu balilia. Mama akangoja amalize. Kiisha akamuuliza na ile sauti yake ya chini, ya ku soko, yenye anatumiaka kama mutu anataka kumudanganya ku kilo:

"Patron, ni nani alimutuma?"

Patron akaangalia moto. "Mama, ni Mungu tu njo mwenye kuita batu."

Baba Mukubwa akamwaga maji. Mama hakugusa ile nyama, na mimi pia hapana.

Kesho yake nikachukua fagio, juu kilio ikiisha majivu inatupwa na kiwanja inafagiwa. Mama akaninyang'anya fagio. Akasema majivu ikae. Ikakaa. Mvua ikaifanya matope, jua ikaikausha, kuku zikajioga mule. Bamama ya mutaa balikuja kumuambia si vizuri, majivu ya kilio ikibaki mu kiwanja inaita kilio ingine. Padri pia akapita, akamuambia apumuzike. Mama anabasikiliza, anabapa chai, na majivu iko. Ku kitanda yenu hakulala tena. Alikuwa analala na sisi, mimi na Kavugho, na Kavugho anapiga mateke. Kuni zenye zilibaki ku kilio yako alizipanga ku ukuta na akatukataza kuzipikia.

Ku depot Patron alitupokea bila kelele. Akasema mambo ya délégué imekwisha, mwenye iko na shida aje kwake moja kwa moja. Hakuna mwenye alienda. Kila asubuhi alikuwa ananiuliza: "Masika, Mama anaendelea?" Najibu anaendelea. Nilikuwa nafunga waya ya taa na kifua inawaka hasira, na nilichukia vidole yangu juu ilikuwa inafanya kazi yake vizuri vile vile, kijani na kijani. Roue ya mbele tulikuwa tunaiweka. Njia ya Kasindi ikafungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Na siku moja tukasikia masanduku imefika ku mupaka, na Patron akamuita Kasereka.

Tangu ufe Kasereka alikuwa amekonda. Alikuwa ananisemesha juu ya kazi tu, na akinipita anaangalia chini. Ile siku alipotoka mu bureau hakuangalia chini. Akasema kwa nguvu, bote basikie: "Amenituma. Ni kesho asubuhi." Nikamufuata ku bomba ya maji, nikamuuliza juu ya nini anakubali. Akanawa mikono muda murefu. Akasema: "Masika, ni zamu yangu tangu mwaka jana."

Nikarudi nyumbani nikamuambia Mama. Alikuwa anamenya viazi, na hakusimamisha kisu. Akauliza: "Na yeye tutamulilia siku gani?" Nilifikiri ni huzuni inasema. Nikamuambia hapana kusema vile, Mama, mutu iko muzima. Akaendelea na viazi yake.

Asubuhi nilimukuta amefunga zile kuni na kamba, amejitwika. Akasema twende.

Baba, hakuna mutu wa kwetu anawashaka moto ya kilio juu ya mutu muzima. Mulevi hafanye. Mwenye chuki hafanye. Ni kama kumuchimbia mutu kaburi na kumuita aje apime. Nilitembea nyuma ya Mama njia yote ya kushuka, naona kuni inatikisika ku kichwa yake, na nilikuwa naomba Nyamuhanga, Mungu wetu, Mama achoke. Hakuchoka. Gari ndogo ya kumupeleka Kasereka ilikuwa imesimama ku mulango ya depot, naye amekwisha kupanda nyuma, amevuta kofia ya pamba mupaka ku masikio. Mama akatua muzigo mbele ya gari, katikati ya njia. Akapanga kuni vile inapangwaka. Akawasha. Akavua viatu, akakaa chini, akashika shavu, akaanza kulia na sauti ya kweli, anataja Kasereka na jina ya baba yake.

Mutaa ikasimama. Mama mwenye kuuza mikate akafunika mudomo na kitambaa. Kasereka akasema kutoka kule juu, na sauti ilikuwa ya mutoto:

"Mama Masika, mimi niko muzima."

"Naona," Mama akamujibu. "Kambale pia alipanda muzima."

Nikavua viatu, nikakaa pembeni yake. Sikujua kama tuko tunafanya vizuri ao vibaya, na hata leo sijui kabisa. Kiisha bamonteur bakatoka. Moja moja, kle mu mufuko, bakakaa kwa duara vile banaume banakaaka. Hakuna mwenye alitamuka grève.

Lakini yenye sitasahau ni mama ya Kasereka. Mutu alikuwa amekimbia kwake kumuambia moto ya mutoto yako imewashwa ku depot, na yeye akaelewa vile mama yeyote angeelewa. Alikuja analia njia yote, kitenge imelegea, akajitupa mu matope. Batu bakamuinua, bakamuonyesha: angalia, iko pale juu, anapumua. Akaangalia. Kiisha akamurukia Mama, akamupiga na mikono yote, ku mabega, ku kichwa, na Mama hakujikinga. Nilitaka kumushika, Mama akanikataza na macho. Nguvu ilipomuisha, yule mama akauliza banamupeleka wapi. Mama akamuambia. Akakaa pale pale, akaanza kulia naye, juu ya mutoto yake mwenye alikuwa anamuangalia.

Patron akatoka. Mwanzo alikuwa na hasira, ataita bapolisi, tumefunga njia ya batu. Lakini Patron ni mutu wa kwetu, alizaliwa ku milima sawa wewe, na mambo yenye mama yako alikufundisha, mama yake naye alimufundisha. Alipofika karibu akaona ni moto gani. Akarudi nyuma. Akaangalia Kasereka juu, akaangalia kuni, na uso yake ikageuka. Akasema tuzime, tunaita kifo. Mama hakuinua kichwa. Akataja Kasereka tena, na bamama ya mikate bakaanza kumuitikia, na kilio ikawa kubwa.

Njo Patron akapiga kelele, na ilikuwa ya mutu mwenye anaogopa:

"Kambale nilimutuma! Ndiyo, nilimutuma mimi, sikujua atakufa! Lakini huyu bado sijamutuma! Kasereka, shuka! Shuka, na hawa bazime ile moto!"

Tukaacha kulia bote. Mama pia. Patron akatuangalia, bamonteur, bamama ya mikate, dereva wa ile gari, na nikaona anaelewa ni nini imetoka mu mudomo yake. Kofia ilikuwa mu mukono. Akaivaa, akaingia ndani. Kasereka akashuka. Mama yake akamushika mukono sawa mutoto wa kupeleka masomo, bakaenda, bila kutuaga.

Nisikudanganye, Baba. Hatukushinda sawa ile siku ya roue. Bapolisi balikuja, bakakanyaga moto na viatu, bakatuchukua mimi na bamonteur bengine, Mama bakaogopa kumugusa, bakatuachilia jioni. Mimi nimefukuzwa. Bengine pia. Vijana ya ku mulango beko ndani sasa, banajenga pikipiki chini ya manjanja yako, na siwezi kubachukia, bangekula nini? Kasereka alihamia Kirumba, anatengeneza pikipiki kando ya barabara. Mama yake akikutana na Mama ku soko anageuza uso, na Mama anasema iko na haki. Patron naye anasema sasa ilikuwa hasira, mutu wa hasira anasema kitu yoyote. Tumeenda kwa avocat moja, mwanasheria wa kesi. Anatuambia masikio yenye ilisikia ni mingi, neno ya mbele ya batu vile si kitu ya kufuta, lakini itachukua wakati. Mu ile wakati tunakula viazi ya bashangazi. Na wewe hutarudi na camion yoyote. Siku moja itabidi nimuambie Kavugho, mwenye aliona kilio na hakuelewa, na naogopa ile siku kuliko bapolisi.

Mais tangu pale hakuna monteur amepanda juu ya camion ya Patron. Masanduku inakuja peke yake. Ikifunguliwa njiani, inafunguliwa.

Ile jioni balituachilia, nilimukuta Mama mu kiwanja, amekaa ku kiti yako. Akaniambia nirudilie neno ya Patron vile aliisema, nisiongeze kitu. Nikarudilia: Kambale nilimutuma, ndiyo, nilimutuma mimi. Akaniomba tena. Nikarudilia, na alikuwa amefunga macho. Kiisha akasimama, akachukua fagio mwenyewe, akafagia majivu yako yote mupaka udongo ikaonekana, akaenda kuimwaga chini ya migomba. Akaingia mu chumba yenu na akajilaza ku upande yako. Alilala mupaka jua ya kesho yake ilikuwa juu, na nikamukataza Kavugho kupiga kelele.

Basi, Baba, na wewe ulale. Wasingya, asante, juu ya waya, juu ya ile mulima tulipanda, juu ya Kasereka. Koti yako nimeiweka vile ulisema. Kuni zile hazikuisha. Zenye bapolisi hawakukanyaga Mama alizikusanya, akazirudisha ku ukuta, na akazifunika na manjanja ya zamani zisilowane. Hii miezi makala ya kupikia imepanda bei, mvua haiachi, na kuna siku tunalala na chai ya baridi. Lakini Patron bado iko na camion, na njia ingali pale. Nakuahidi hatutazipikia chakula.

Masika yako.